Debe la Kwanza

Jumanne, wiki ya pili ya mwezi wa Mei, saa kumi na dakika ishirini alasiri, bomba la mtaa wetu wa Changamwe lilikohoa mara tatu likatema maji, na debe lililokuwa chini yake lilikuwa langu. Nazijua hata dakika kwa sababu mzee aliyeshika funguo za bomba alikuwa na saa ya mkono aliyorudi nayo vitani, na kila alipofungua alitutangazia wakati.

"Saa kumi na ishirini!" alisema siku ile. "Nimechelewa, najua. Msinile."

Nayaandika haya mwaka mmoja baadaye, daftari langu la wakati ule likiwa mapajani. Nina miaka kumi na sita. Si mtu wa kusema mbele za watu. Darasani nikiulizwa swali sauti hunikauka hata kama jibu nalijua, na ndiyo sababu huandika. Na kwa kuwa hili halisomwi ila na yule nitakayempa mwenyewe, sitampaka mtu mafuta. Wanawake wa lile bomba niliwachukia. Wengine bado nawachukia.

Nilikuwa likizoni, nimetoka skuli ya bweni ya misheni, kidato cha kwanza. Sisi ni watu wa Rabai, Wakristo tangu babu yangu. Baba alikuwa karani wa ghala bandarini, akiondoka alfajiri na kurudi jua limekuchwa. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya bibi mmoja wa Kimvita, Mwislamu, aliyebaki na uwa wake, kuku wake, na ulimi wake. Likizo kwangu maana yake ilikuwa maji: debe asubuhi, debe alasiri.

Pale bombani palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Bomba likiwa limefungwa kwa muda, debe la kwanza ni la chini. Aliyetangulia kwenye safu hulijaza, hulimwaga mtaroni, kisha hujaza tena, na hapo ndipo wengine hufuata. Wanawake waliijua desturi hiyo kwa yale waliyoyaona yakitoka: kutu, mchanga, siku moja mnyoo mwekundu mrefu kama uzi wa cherehani. Mwenye funguo kwa kawaida hakulihesabu debe lile.

Lakini Jumanne ile maji yalikuwa yamekatika siku mbili. Mafundi walikuwa wakichimba bondeni, mahali bomba kubwa lipitapo nyuma ya vyoo vya kambi ya vibarua, na mwenye funguo alikuwa ameambiwa afungue kwa muda mfupi tu. "Debe moja kila nyumba," alisema. "La kumwaga, la kunywa, yote ni debe moja. Sina mengine."

Basi hapakuwa na aliyetaka kutangulia. Nilipofika nilikuwa wa saba. Niliweka debe langu chini, nikageuka kujifunga kanga vizuri, nilipogeuka tena nikalikuta la kwanza kabisa, limesukumwa kwa mguu kutoka jirani hadi jirani.

"Msomi atangulie," mmoja akasema. "Si ndiyo mambo ya skuli, kuwa mbele siku zote?"

"Mwacheni binti wa watu," akadakia mwingine. "Atawaandikia barua hao wakubwa wa maji, kwa Kizungu."

Wakacheka. Nami nikacheka nao kidogo, jambo ambalo hadi leo najionea haya.

Nyuma yangu alisimama mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa letu. Sitamtaja jina. Alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, na alikuwa jirani yetu wa upande wa pili wa kichochoro. Sote tulimwita Mama Mwenyekiti. Maji yalipoanza kutoka nikaliinamisha debe nimwage, kwa mazoea tu, naye akanishika kifundo cha mkono.

"Wewe mtoto, usithubutu. Siku mbili hatuna hata ya kunawa uso, nawe wamwaga?"

"Ni ya kwanza, mama," nilisema. Sidhani kama alisikia. Sidhani kama sauti ilitoka.

"Akiyamwaga, ameinywesha ardhi debe lake," alisema mwenye funguo. "Mimi simrudishii."

Niliyatazama. Yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, wekundu wa gome la mti lililolowekwa. Yalinuka tope la mikoko bahari ikitoka, na chini ya tope kulikuwa na harufu nyingine ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Debe lilipojaa, Mama Mwenyekiti aliyaona vilevile nilivyoyaona mimi, maana alivuta kanga akaziba pua. Kisha akasukuma debe lake mahali pangu. La kwake lilikuwa na weusi kidogo. La aliyemfuata likatoka jeupe. Nilijitwika nikaenda zangu, nikisikia yakinitiririkia shingoni.

Sasa nieleze kuhusu mtungi wa mama, kwa sababu bila mtungi hakuna habari.

Mama alikuwa na mtungi wa udongo uliokaa juu ya kigoda chenye mchanga pembeni mwa ukumbi, na maji yake yalisifiwa kutoka kwetu hadi Mikindani. Bibi mwenye nyumba ndiye aliyemfunza. Unawasha makaa kwenye chetezo, unatia ubani, unaufunika mtungi kifudifudi juu yake mpaka moshi uujae tumboni, kisha unaugeuza upesi na kumimina maji kabla moshi haujatoka. Maji hupoa, hulainika, na hunukia hata ukishameza. Wanawake wa kanisani walimsema mama chini kwa chini kwamba ubani ni mambo ya Waislamu na ya waganga. Wakamsema, na walipokuja kwetu wakanywa kata mbili mbili.

Mama siku ile alikuwa Mikindani kwa dada yake aliyejifungua. Aliacha mtungi umeoshwa na makaa yametengwa, akaniambia nifukize, nijaze, maana kesho yake, Jumatano, umoja wa akina mama ulikuwa unakutana kwetu kwa maombi.

Skulini nilikuwa nimefunzwa kuchemsha maji. Niliandika kwa mkono wangu katika daftari la somo la afya, na mwalimu akanipa alama nzuri. Nyumbani tulichemsha ya chai tu. Maji ya mtungi hayachemshwi. Mama husema maji yaliyochemshwa ni maji mafu. Ningeweza kuyachemsha kwa siri. Kuni zilikuwepo. Lakini nilikuwa na kitabu cha kuazima nilichotaka kukimaliza kabla mama hajarudi.

Basi nilifanya hivi. Nilifukiza mtungi kwanza, kama nilivyozoea. Moshi ukajaa chumba kizima, na nguo zangu, na pua yangu. Wakati mtungi unafukizwa, nikafunga kipande cha shabu katika kitambaa nikakizungusha ndani ya debe. Shabu ni kama jiwe la chumvi, na uchafu wote huikimbia ukatuama chini. Nikangoja. Maji ya juu yakawa meupe, meupe kabisa. Nikayachuja kwa kanga kuukuu yakaingia mtungini. Nikayanusa. Yalinuka ubani.

Jioni ile niliandika mstari mmoja: "Maji mabaya leo. Nimeyatia mtungini." Ninao hapa. Wino wa buluu, mwandiko mzuri. Na jambo ambalo sikuliandika ni kwamba mimi mwenyewe sikuyanywa. Jioni ile nilikunywa dafu, na kesho yake asubuhi chai iliyochemshwa. Nilipomwona mama anachota kata jioni aliporudi, nilifungua kitabu.

Jumatano walikuja kumi na mmoja. Waliomba, waliimba, walimsengenya mke wa mwalimu wa kanisa ambaye hakuja, kisha wakanywa. Mama Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kushika kata.

"Mwenzetu," alimwambia mama, "sisi twachota bomba moja, lakini ya kwako sijui huyafanya nini. Yashuka kama maziwa."

"Ni mtungi tu, dadangu," alisema mama, amefurahi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na trei ya vikombe mkononi.

Alhamisi usiku hadi Ijumaa waliugua saba. Kuhara na kutapika, na mikazo ya tumbo iliyowafanya walie kama wanaojifungua. Mwanamke mmoja mzee, mjane, alichukuliwa hospitali kwa rikwama la mizigo akiwa macho yamemwingia ndani. Mama naye aliugua, lakini alijificha. Alitoka nje kila mara kupitia uwani, akarudi akiegemea ukuta, na aliniambia nisimwambie mtu, kwa sababu mtu mwenye fahari hapendi kuonekana amelewa na pombe yake mwenyewe. Huko nyuma sikumwelewa. Lau wangejua kwamba naye anaumwa, labda wangenyamaza.

Jumamosi nilikwenda bombani, na safu ikanitazama nikija. Hakuna aliyesukuma debe langu. Walisogea mbali nalo, kama nimelichovya chooni.

"Leo mamako hatufukizii?" mmoja aliuliza.

"Wamwuliza nini huyu?" alisema Mama Mwenyekiti. Alikuwa ameinuka kitandani siku ile ile, uso umekuwa wa majivu, lakini ulimi mzima. "Huyu hujibu kwa kalamu. Mwenzenu hasemi, aandika. Nani ajuaye aandika nini?"

"Twambie basi, msomi. Ubani ule wenu ni wa kanisa gani?"

Nilisimama nao wote wananitazama, nami jibu ninalo. Wewe ndiye uliyenishika mkono. Wewe ndiye uliyeziba pua. Lilikuwa limepangika vizuri kichwani, hata nukta mahali pake. Nililimeza.

Saa tano, kabla sijaondoka, akaja bwana afya. Alikuja kwa baiskeli, kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, na sanduku lenye chupa. Mtu wa bara, mwenye adabu ya ofisini. Mwenye funguo alimfungulia bomba, kisha wakasimama wakizungumza mambo ya mvua na ya barabara iliyokatika, huku maji yakitiririka mtaroni. Yalitiririka mpaka kuku wa jirani wakaja kunywa. Ndipo bwana afya akafungua chupa yake, akaikinga, akaiinua juani.

"Safi kama machozi," alisema. "Tutaipeleka ikapimwe, lakini mimi kwa macho yangu sioni neno."

Nilimsogelea. Nasema kweli, nilimsogelea mpaka nikaona jasho katika kola yake.

"Bwana," nilisema, "maji ya kwanza..."

"Nini?"

Wanawake wote walikuwa wamegeuka kunitazama.

"Hamna, bwana."

"Haya." Akafunga sanduku lake, akauliza, "Nyumba yenyewe ni ipi?" Na vidole kumi vikamwonyesha kwetu.

Aliingia ukumbini akiwa amevua kofia. Akainama juu ya mtungi, akanusa, akakunja uso kama mtu aliyesikia lugha ngeni. "Mwatia nini humu?"

"Ubani, bwana," alisema mama. "Ni moshi tu."

"Msiutumie mtungi huu. Umwagwe." Akaandika katika kitabu chake. Hakuuliza ulijazwa lini, wala ulijazwa na nani. Alipotoka nje mtaa mzima ulikuwa mlangoni, na walichokisikia ndicho hicho: bomba safi, mtungi umwagwe. Mtu wa serikali kasema.

Kuanzia hapo haikuwa tena habari ya maji. Ilikuwa habari ya mama. Mtoto wa jirani alikuja kuomba moto, akaitwa arudi nusu ya njia. Shangazi yangu mwenyewe alituma salamu kwamba atakuja baadaye, wakati mambo yatakapopoa. Na bomba likaendelea kufungwa na kufunguliwa kwa kipimo kile kile cha debe moja, na debe la kwanza likaendelea kwenda kwenye nyumba ya mtu fulani, kwa kuwa sasa hakuna aliyeliogopa. Kwani si lilikuwa safi? Jumamosi jioni nilimwona mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, akilipokea na kujitwika. Nilimpisha njia.

Jumapili baada ya ibada waliitisha baraza katika ukumbi wa nje wa kanisa, si ndani. Wazee watatu na akina mama wote walioweza kusimama. Mjane alikuwa bado hospitali. Mama aliketi kwenye kiti kimoja, wao kwenye mabenchi. Baba alikuwa amesimama kando na kofia mikononi, na nilimwona anaogopa, na nikamchukia naye kidogo. Mimi nilikuwa ndani ya kanisa, nyuma ya mlango uliorudishwa. Nimeishi nusu ya maisha yangu nyuma ya milango.

"Hatumhukumu mtu," alisema Mama Mwenyekiti, na kila mtu alijua kwamba kinachofuata ni hukumu. "Lakini sote tulikunywa mahali pamoja. Bomba limepimwa, ni zima. Mtungi umenuswa, umekataliwa. Na ule moshi sisi hatuujui. Twajua tu umetoka kwa nani, na wale hufukiza kwa ajili ya nini."

"Ni wa kunukiza maji," alisema mama.

"Maji ya Mungu yana kasoro gani hata yanukizwe?"

"Dadangu, mwaka wa nne huu wayanywa."

Palitokea kicheko kidogo upande wa wazee, kikazimwa kwa kikohozi.

"Nani aliujaza mtungi ule?" aliuliza mzee mmoja. Aliuliza kwa upole. Nadhani alitaka kumsaidia.

Mama hakugeuza shingo. Lakini macho yake yalikwenda mlangoni, yakanikuta katika upenyo, yakakaa hapo muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Mtungi wetu, siku akiwa hayupo, hakukuwa na mwingine wa kuujaza. Alijua. Alikuwa amejua tangu Alhamisi.

"Mimi," alisema mama.

Nilikuwa na mlango mkononi. Ulikuwa mwepesi, mbao za msonobari, hata bawaba zake hazilii. Sikuusukuma.

Wakakata shauri kwamba mama atolewe katika umoja, asishike chombo cha kanisa, hata hapo atakapouvunja mtungi mbele ya watu na kuungama alichotia. Mama alisema atauvunja. Kuungama alisema hajui aungame nini. Tukarudi nyumbani watu watatu, tukitembea mmoja nyuma ya mwingine.

Mama alilala, maana alikuwa bado dhaifu. Hakunikemea. Ningependa angenipiga. Nilitoka uwani nikakaa juu ya kinu, na bibi mwenye nyumba akaniita kutoka jikoni kwake.

"Abee, bibi."

"Ndoo hapa." Ndoo ya Kimvita ni njoo, basi nikaenda. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia huko kwenu ubani wangu umeshtakiwa." Alikuwa anachambua mchele, hanitazami. "Wazee wangu wamefukiza mitungi tangu hilo bomba halijazaliwa. Haya, niambie wewe, maana mamako hatasema. Siku ile ulitanguliza nini? Kuyanusa maji, au kuufukiza mtungi?"

Akangoja. Alikuwa mtu wa kwanza wiki ile kuningoja.

"Kufukiza, bibi. Niliyanusa baadaye."

"Baadaye, pua imejaa moshi." Alitupa kijiwe nje. "Basi hapo ndipo. Maji hunuswa kwenye debe, mbali na chetezo, uso umenawa. Yakinuka, hayaingii mtungini, hata kama mna kiu ya kufa. Mamako nilimfunza hivyo, na mamako hukunusia kila siku, wewe hukumwona kwa kuwa uko na vitabu. Ubani hauoshi kitu, mwanangu. Ubani huficha. Wallahi, ukimfukizia maiti atanukia, na ni maiti."

"Yalikuwa mabaya, bibi. Niliyaona."

"Uliyaona."

"Niliambiwa nisimwage."

"Na nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, safu, debe kusukumwa, mkono kushikwa, pua kuzibwa. Ndiyo mara ya kwanza nilipoyasema kwa kinywa, na hayakuchukua muda hata wa mchele kumalizika. Bibi aliusukuma ungo kando.

"Kesho wafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Jumapili hawafungui kabisa."

"Basi maji yatakuwa yamelala siku nzima," alisema bibi, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake, Jumatatu, niliamka kabla ya mama. Nilinawa uso kwa maji ya kisima cha bibi, ya chumvi, yasiyofaa kunywa. Nilichukua debe, nikachukua kata ya mama, na bakuli lake jeupe la bati lililokuwa la wageni. Nikachukua pia chupa ya dawa ya kikohozi niliyoiosha jana yake, pamoja na kizibo chake. Nilipofika bombani hapakuwa na mtu. Niliweka debe langu chini ya mdomo wa bomba nikasimama kando yake, nikawaangalia wakija mmoja mmoja na kupanga nyuma yangu. Hakuna aliyenisalimu. Mama Mwenyekiti alikuwa wa nne.

"Ebo, leo msomi yuko mbele kwa hiari yake," alisema mwenye funguo. Akatazama saa yake. "Saa kumi na mbili na nusu kamili. Leo hamnidai."

Bomba likakohoa. Likatema upepo, likatema kutu, kisha yakaja yale yale, chai ya mkandaa, na harufu ikapanda mpaka mtoto mmoja mgongoni akakunja uso. Niliacha debe lijae. Kisha nilichota kwa kata, nikamimina katika bakuli jeupe, ili rangi ionekane vizuri, nikapita wa pili, nikapita wa tatu. Mbele ya Mama Mwenyekiti nilipiga goti, kama tulivyofunzwa kumpa mkubwa maji.

"Shikamoo, mama. Karibu maji."

Alitazama ndani ya bakuli. "Maji gani haya?"

"Kama yale ya Jumanne, mama. Yale uliyonishika mkono nisiyamwage."

Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi sikukutuma uyatie mtungini ukawanyweshe watu!"

"Hukunituma. Hilo ni langu." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inatoka. "Mama alikuwa Mikindani. Mimi ndiye niliyejaza mtungi, na nilijua yananuka, na mimi mwenyewe sikuyanywa. Mama aliyanywa. Anaumwa tangu Alhamisi."

"Si bwana afya kasema ni safi?" alisema mmoja nyuma, yule yule aliyetaka niandike barua. "Basi mama, onja. Utuonyeshe."

"Onja, Mama Mwenyekiti," mwingine akadakia. "Bomba si zima?"

Sikuwapenda hata walipokuwa upande wangu. Walikuwa wamegeuka kama kuku wanaogeukia punje nyingine. Mama Mwenyekiti hakulipokea bakuli. Aliinua upindo wa kanga mpaka karibu na pua, akakumbuka, akaushusha.

"Mtoto huyu hana adabu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Nilisimama. Nilirudi kwenye debe, nikaizamisha chupa mpaka ikaacha kutoa mapovu, nikaiziba. Kisha niliinua debe zima nikalimwaga mtaroni. Harufu ikatukumba wote. Mwenye funguo aliniangalia, akaangalia safu, akafungua mdomo.

"Debe moja kila nyumba," nilimwambia kabla hajasema. "Najua. Hilo lilikuwa langu."

Nililiacha debe tupu kwa bibi mwenye nyumba, nikatembea na chupa ndani ya kanga hadi ofisi ya afya. Ilikuwa haijafunguliwa. Niliketi barazani mpaka jua likafika magotini, nikasikia kengele ya baiskeli. Bwana afya alishuka, akaniona, nadhani akanikumbuka, maana aliuliza neno lile lile.

"Nini?"

Nikampa chupa. Nikamwambia, "Maji ya kwanza, bwana. Wewe ulichukua ya mwisho."